Magofu ya Gede, hapa narudi kila nikija Malindi

Magofu ni magofu jamani, ukizunguka pwani hii utaona kuta za matumbawe mpaka uchoke. Kuna sehemu moja, siitaji, tulilipa kiingilio tukazungushwa mbiombio, tarehe zikasomwa, picha, haya kwaherini. Sijakanyaga tena. Lakini Gede, huu mji wa kale wa Waswahili karibu na Malindi, narudi, na kila nikirudi nabeba mgeni mwingine.

Kinachonivuta ni zile nyumba. Waliochimbua walizipa majina kufuatana na vitu walivyokuta ndani, kwa hiyo kuna nyumba ya mkasi, nyumba ya kauri, nyumba ya kijisanduku cha pembe za ndovu, na ukipata mwongozaji anayeijua kazi yake hakutajii karne akaenda zake, anakusimamisha mlangoni anakuuliza wewe unadhani mwenye huu mkasi alikuwa nani, fundi nguo ama? Wanangu walianza kubishana palepale nani angelala chumba kipi, choo kiko wapi (vipo, tena vizuri!), na mpaka leo ukitaja Gede wanakwambia mkasi. Hakuna aliyewakaririsha. Hata mimi na kichwa changu kibovu cha miaka, kaburi la 802 Hijria, yaani 1399, nimelishika kwa sababu maandishi nimeyaona kwa macho yangu.

Halafu lile fumbo sasa. Wareno walikuwa Malindi, hapo jirani tu, na mji mzima huu kwenye maandishi yao hautajwi. Mbona watu walihama? Mmoja atakwambia maji ya visima yalishuka, mwingine vita, kila nikija napata maelezo yenye chumvi tofauti kidogo na ndo utamu wenyewe. Makumbusho yao ndogo ni ya kupita tu.

Tangu 2024 pameingia Urithi wa Dunia wa UNESCO, sawa, hongera, ila naomba wasije wakatuwekea vile vidude vya kusikiliza masikioni halafu waongozaji wakakosa kazi, maana hapo mimi sirudi.

Kwa wanaoenda: matatu ya barabara ya Mombasa–Malindi inakushusha Gede, chukua boda mpaka getini. Fika asubuhi, paka dawa ya mbu, ndizi zifiche vizuri kima wasizione. Ukitoka pita kwenye mradi wa Kipepeo hapohapo, wanakijiji wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke wanafuga vipepeo na kuuza, watoto hawatataka kutoka.