Wishiboni za gari la spoti la kujiundia: ununue zipi?

Wishiboni, yaani mikono inayounganisha gurudumu na fremu ya gari, zinadanganya kwa sura. Ukizitazama ni bomba mbili tu zilizokutana kama herufi A: nyuma bushi mbili za kufungia kwenye fremu, mbele boljointi inayoshika kifundo cha gurudumu. Mwenye mashine ya kuchomelea huona ni kazi ya Jumamosi moja.

Sasa kanyaga breki. Tuseme boljointi ya juu iko milimita 400 kutoka ardhini, ya chini iko milimita 150, na breki zimekaa kwenye gurudumu kama kawaida. Wishiboni ya chini inabeba mara 1.6 ya nguvu ya breki ya gurudumu hilo, na ya juu inasukumwa upande wa pili kwa mara 0.6. Ndiyo maana ya chini huwa na bomba nene zaidi, na ndiyo maana njia tano za kuzipata hapa chini sikuzipanga kwa bei, bali kuanzia ile ninayoiamini zaidi.

Nafasi ya kwanza: za aliyekuuzia fremu. Magari mengi ya kujiundia yanafuata umbo la Lotus Seven ya mwaka 1957, kwa hiyo wishiboni zake zinafanana kwa macho. Kwa vipimo hazifanani. Tofauti ya milimita chache inatosha kuharibu kemba (gurudumu kulalia ndani au nje) na kasta (mhimili wa kugeuzia gurudumu kulalia nyuma), au kulifanya gari ligeuke lenyewe kila tairi linapopanda tuta, kwa sababu tairodi (fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu) na wishiboni hazichori tena tao moja. Aliyechora fremu ameshaimaliza hesabu hiyo. Mlipe.

Ya pili: za gari unalolivunja. Hapa Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza inapendwa kwa sababu ina wishiboni pacha, ya juu na ya chini, kwenye magurudumu yote manne. Ni nzito kuliko za bomba, na kwa gari jepesi uzito huo unaonekana kwenye barabara yenye makorongo. Lakini zimetoka kiwandani, na bushi zake zinapatikana bila kuhangaika. Sharti ni moja: fremu iwe imechorwa kwa ajili yake. Usihamishe breketi za fremu ili mkono wa gari lingine uingie.

Ya tatu: vipande vilivyokatwa tayari. Unapata bomba zenye midomo iliyochongwa ikakaa sawa, mikono ya bushi (vibomba vifupi vya kuingizia bushi) na vipande vyenye nyuzi. Unavishikiza kwenye jigi, yaani kiunzi cha kuvishika visisogee, kisha fundi mwenye cheti anachomelea. Kwangu hii ndiyo njia ya busara kwa anayependa kazi ya mikono lakini mshono wake bado unayumba. Mwambie fundi aiache kazi imefungwa kwenye jigi hadi ipoe, maana chuma kikipoa huvuta. Mkono wa bushi nao hubana kwa joto, kwa hiyo tundu lake lisafishwe kwa rima (kifaa cha kusawazishia tundu) kabla ya kusukuma bushi, la sivyo utaukata mpira wake.

Ya nne: kuanza na bomba tupu. Inawezekana, na wapo wanaozitengeneza nzuri kuliko za dukani. Tafuta bomba lisilo na mshono, lililovutwa baridi. Kwa wishiboni za chini wengi hutumia kipenyo cha kama milimita 25 na ukuta wa kama milimita 3. Bomba la maji usiliguse. Jigi iwe bamba nene lisilopinda, na kabla ya kuchomelea ya pili hakikisha umeigeuza kazi iwe ya upande mwingine wa gari: wishiboni ya juu mara nyingi boljointi yake imesogezwa nyuma ili kupata kasta, na si mara moja mtu amejikuta na mbili za kushoto. Mshono ukishamalizika usiusage uwe laini kwa ajili ya picha. Kromu pia achana nayo, kwani haidrojeni ya kwenye dawa inaweza kufanya chuma kigumu kivunjike ghafla.

Ya mwisho: zilizotumika, zisizojulikana zilitoka wapi. Rangi nene inaficha mengi. Ondoa rangi, angalia ukingo wa mshono karibu na mkono wa bushi, halafu pulizia dawa ya kutafutia nyufa. Iliyopinda hainyooshwi, inatupwa.

Kuna kosa moja linalonifanya nirudishe mzigo hata ukiwa mpya unang'aa: rodi endi (kiungo cha duara chenye shina la nyuzi) iliyowekwa upande wa gurudumu mahali pa boljointi, hasa kwenye wishiboni ya chini inayobeba shokapu. Rodi endi ni imara ikivutwa au kusukumwa kufuata nyuzi zake. Hapo inapindwa kila unapopita shimo, na hukatikia kwenye uzi wa kwanza nje ya nati. Upande wa fremu haina neno, na inakupa nafasi ya kurekebisha kemba bila kuweka washa.

Kabla ya kulipa, muulize muuzaji boljointi ni ya gari gani. Boljointi na bushi huisha mapema kuliko bomba, na kama alizichonga mwenyewe, siku zikichakaa utamtegemea yeye peke yake.