Miezi saba na ruta mpya katika nyumba ya mawe, Mkomani, Lamu

Ruta hii, kifaa cha kugawia intaneti nyumbani, niliinunua Mombasa kwa shilingi 6,800, nikavuka nayo kutoka Mokowe, upande wa bara, nimeipakata mapajani ili maji ya chumvi yasiifikie. Ina antena nne na masafa mawili, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5, na nyuma ina matundu manne ya waya ukiacha lile la kuingizia intaneti. Chapa siitaji, kwa kuwa mengi yaliyonikuta yatamkuta yeyote aliye na ruta katika nyumba kama zetu. Wiki tatu za mwanzo nilitaka kuirudisha dukani. Leo siitoi.

Nyumba yetu ni ya kale, iko ndani kidogo nyuma ya Usita wa Mui, njia kuu ya mji. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Ukilaza mkono kwenye kizingiti cha dirisha, kiwiko kikiwa upande wa chumbani, ni ncha za vidole tu zinazofika nje. Fundi wa kampuni ya intaneti alikuwa ameiweka ruta ya zamani tekani, yaani kiingilio cha nyumba, pale pale waya wake ulipoingilia, akaondoka. Ukivuka kiwanda, ule ua wetu wa kati ulio wazi juu, ukaingia msana, ukumbi unaoutazama ua huo, mtandao ulikuwa unakatikakatika. Ndani, chumba kilicho nyuma ya msana, haukuwepo kabisa. Binti yangu, anayesoma chuo kwa mtandao, alihudhuria masomo ya muhula mzima akiwa ngazini, kompyuta magotini, watu wakimruka wapite.

Nilipoleta ruta mpya niliiweka mahali pale pale pa zamani, na hali ikawa ile ile. Gigahezi 5 ilikuwa ya ajabu tekani, video zikifunguka kabla hujainua kidole, lakini ukuta wa kwanza ukaimeza. Ndivyo masafa hayo yalivyo: yanabeba mengi kwa kasi, ila hayana nguvu ya kupenya. Ya 2.4 hupenya zaidi, lakini ndiyo yanayotumiwa na kila mtu. Nilipopima kwa programu ya simu nikakuta mitandao kumi na mmoja ya majirani, minane kati yake imejazana chaneli ya 6, moja ya njia ndogo yaliyogawanywa masafa hayo. Katika masafa hayo, chaneli zisizogongana ni 1, 6 na 11. Nikahamia 11, kukawa na nafuu, lakini si ya kumtoa mtu ngazini.

Kisha nikafanya kosa ambalo nadhani wengi hapa Lamu wamelifanya: niliiweka kwenye kidaka. Ilipendeza kweli, imekaa kati ya sahani za bibi yangu. Lakini kidaka ni shimo ndani ya jiwe, na mawimbi hayakuwa na pa kutokea ila mbele tu.

Aliyenifumbua macho ni kaka yangu, ambaye ni fundi wa ujenzi wala si wa kompyuta. Alisimama katikati ya kiwanda akatazama juu, akasema, "Dada, nyumba hii imefumba macho kwa nje, imeyafumbua kwa ndani. Hewa inapita hapa, mwanga unapita hapa. Huo mtandao wako utapita wapi kwingine?" Tukavuta waya wa mita ishirini kando ya boriti, tukaitundika ruta ukumbi wa juu unaotazama kiwanda, mahali pa kivuli. Milango na madirisha yote yanaelekea pale. Siku hiyo hiyo mtandao ukafika msana na vyumba viwili vya juu ninavyopangisha wageni. Ndani bado palikuwa hafifu, kwa hiyo nikaifufua ile ruta ya zamani: nikaizimia kazi ya kuvigawia vifaa anwani za mtandao, nikaipa anwani yake isiyogongana na ya ruta kubwa, nikaiunganisha kwa waya. Kifaa cha kudaka mawimbi na kuyarusha tena sikununua, maana nacho kingehitaji kudaka kitu kupitia ukuta ule ule.

Waya nao uchunguzeni. Mwezi wa nne kasi ilishuka ghafla. Nilipochomoa kile kichwa cha waya kilichokaa karibu na dirisha, nilikuta vile vyuma vinane vidogo vimeota kutu ya kijani. Ni chumvi ya bahari. Kichwa kipya kilimaliza tatizo, na sasa navikagua kila baada ya kusi.

Lakini jambo lililonifanya niandike ni jingine. Kila siku baada ya isha intaneti ilikuwa inalegea. Asubuhi nilipima kwa waya nikapata megabiti 10 kwa sekunde, kama ninavyolipia, na usiku 2. Nikapiga simu kwa kampuni mara tatu, kila mara naambiwa nizime niwashe. Mwishowe nikafungua ukurasa wa ruta wenyewe kwenye kivinjari, 192.168.0.1, nikatazama orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Vilikuwa ishirini na tatu. Nyumbani tuko watano, na vifaa vyetu ni saba. Ndani ya orodha kulikuwa na televisheni, na sisi televisheni hatuna.

Wageni wa Maulidi niliwapa nywila, mpwa wangu akawapa rafiki zake, na simu za siku hizi humpa mwenzio mtandao kwa kupiga picha msimbo tu. Televisheni ilikuwa ya jirani, ambaye chumba chake kiko juu ya wikio, lile daraja la nyumba linalovuka njia, kimepakana na chetu. Nilimwendea. Aliona haya sana. "Wallahi, mwanangu, kijana aliyekuja kuifunga ndiye aliyeiunganisha. Mimi nilidhani inakuja na televisheni." Namwamini.

Lililonitisha si bando. Kuingia kwenye ukurasa wa ruta nilitumia neno "admin" mara mbili, kama ilivyotoka dukani. Yaani yeyote kati ya wale kumi na sita angeweza kuingia akabadilisha mipangilio, hata ile inayoielekeza simu yangu pa kwenda ninapoandika anwani ya benki. Na laini imesajiliwa kwa jina langu. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta nyingi duniani kwa kujaribu tu maneno kama hayo ya siri ambayo wenyewe hawakuyabadilisha.

Usiku ule sikulala mpaka nilipomaliza. Nilianza na nywila ya ukurasa wa ruta, ndipo nikabadilisha ya waifai: maneno manne ya Kiswahili yasiyohusiana, marefu lakini yanakumbukika. WPA2, mfumo wa kulinda waifai, inakubali herufi 8 mpaka 63, basi nafasi ipo. Nikachagua mchanganyiko wa WPA2 na WPA3, toleo jipya zaidi, kwa kuwa simu yangu ya zamani haiijui WPA3. Nikazima WPS, ile njia ya kuunganisha kifaa kwa kitufe au namba fupi badala ya nywila, na hili nasisitiza. Namba yake ya siri ina tarakimu nane, lakini ya mwisho ni ya kuhakikishia tu na ruta huzikagua kwa nusu mbili, hivyo majaribio 11,000 yanatosha kuipata, na udhaifu huo umejulikana wazi tangu 2011. Nikazima ruhusa ya kuiendesha ruta kutoka nje, nikasasisha programu yake ya ndani. Kuficha jina la mtandao nilijaribu nikaacha. Hakuzuii anayejua kutafuta. Kusajili kila simu kwa namba yake ya kifaa nako kulinichosha bure, kwa sababu namba hiyo huigizwa, na simu mpya zenyewe huibadilisha.

Kinachonifurahisha zaidi katika ruta hii ni mtandao wa wageni. Umetengwa, aliyemo haoni vifaa vyetu wala haufikii ukurasa wa mipangilio, na kasi yake naiwekea kikomo. Wageni wakiondoka nabadilisha nywila. Jirani naye nimempa humo humo, maana mjukuu wake ana masomo na jirani hanyimwi.

Kasoro zipo. Umeme ukikatika huchukua kama dakika mbili kurudi, na kwa hapa kwetu nimelazimika kununua betri ndogo ya akiba. Programu yake ya simu haina Kiswahili. Na taa yake ya buluu inamulika usiku kucha mpaka uizime kwenye mipangilio.

Naipa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ilikuja WPS ikiwa wazi na ikakubali nikae nayo wiki kadhaa kwa "admin" bila kuniuliza lolote. Jana usiku nilitazama orodha tena: vifaa tisa, na kila kimoja namjua mwenyewe.