Magneto ya Gravely Model L yangu: nimengoja wiki 11, na ningengoja tena

Naandika mikono bado inanuka petroli. Jana jioni trekta yangu ya bustani, Gravely Model L ya kabla ya Vita Kuu ya Pili, imelima saa nzima na nusu bila kuzimika hata mara moja. Shukrani zote namrudishia fundi wa magneto (kifaa cha sumaku na koili kinachotengeneza umeme wa cheche ya kuwashia injini) niliyemtumia kazi kwa posta.

Kwa asiyeijua, hii ni trekta ya kutembea nyuma yake: magurudumu mawili, silinda moja, nguvu farasi 5. Benjamin Gravely alikuwa mpiga picha huko West Virginia, Marekani. Hataza ya jembe lake la injini, lililokuwa na gurudumu moja tu, aliipata mwaka 1916, na kiwanda kikaanza kazi Dunbar mwaka 1922. Model L ilifuata katika miaka ya 1930. Ninachoipendea ni kwamba haina mkanda wala mnyororo wa kupeleka nguvu kwenye magurudumu. Ni gia tupu, zimelowa oili. Nilipoifungua yangu sikukuta jino hata moja lililolika.

Ugonjwa wake ulikuwa cheche. Ikiwa baridi, unaviringisha mkanda wa kuwashia kwenye puli, unavuta mara mbili, inaitika. Zikifika dakika 20 inakohoa, inazima, na hapo uvute mpaka bega liume, haiwaki hadi ipoe. Nilisafisha kabureta mara tatu. Nikabadilisha plagi, nikasaga valvu. Fundi wa kwanza niliyempelekea magneto aliipima juu ya meza, akasema koili ni nzima. Aliipima ikiwa baridi! Ndani ya koili kuna waya mwembamba kama unywele, maelfu ya mizunguko, na kinachozuia mizunguko hiyo isigusane ni vanishi iliyozeeka. Koili ikipata moto, penye ufa panaachia, umeme unapotelea humo humo kabla ya kufika kwenye plagi. Ikipoa, panafunga tena kana kwamba hapakuwa na kitu.

Huyu wa pili, yule wa posta, alinipigia simu kabla hajashika bisibisi. Swali lake lilikuwa moja: inazima baada ya muda gani? Nilipomjibu nikasikia amenyamaza kidogo, kisha akasema tayari anajua aanzie wapi. Akaisuka koili upya, akabadilisha kondensa (kidude kinachohifadhi umeme kwa muda mfupi), akasawazisha platini (ncha zinazokata na kuunga umeme), akachaji sumaku. Kisha akaipasha moto na kuizungusha kwenye benchi saa nzima, akanitumia video: cheche ya buluu, nene, haikatiki.

Kilichonigusa zaidi ni alichokiacha. Kibati cha namba hakukigusa. Nimeona magneto zilizopigwa msasa mpaka maandishi yamefutika, ziking'aa kama sufuria mpya, na kwa sisi tunaokusanya mashine hizi huo ni msiba. Hata kondensa mpya aliiingiza ndani ya ganda la ile ya zamani, ukifungua kifuniko huoni tofauti.

Kasoro zipo. Aliniahidi wiki 5, zikawa 11, na katikati hapo alikuwa kimya. Pia magneto ilirudi bila karatasi yoyote ya kunielekeza namna ya kuifunga. Nilitumia Jumapili nzima kupanga muda wa cheche: pistoni ifike juu kwenye mgandamizo, rota, ile sehemu ya magneto inayozunguka, izungushwe taratibu mpaka ile springi ya ndani iachie kwa mlio, tak!, ndipo meno yaunganishwe. Nilikosea jino moja, injini ikarusha moto kwenye kabureta, nikaanza upya. Mistari mitatu ya maelezo ingeniokolea siku hiyo.

Nimemlipa zaidi ya nilivyoinunulia trekta yenyewe ilipokuwa imelala kwenye majani, na sina kinyongo. Rangi inaweza kungoja hata miaka miwili. Bila cheche una sanamu ya chuma.

Ukimtumia yako, chora mshale kuonyesha inazunguka upande gani, andika inazima baada ya dakika ngapi, na usiipake rangi kwanza. Mimi nimeshafunga boksi la pili, magneto ya Planet Jr., trekta nyingine ndogo ya bustani, ambayo tangu niinunue sijawahi kuisikia ikinguruma.