Fushimi Inari nendeni, ila msiende na mwongozaji niliyepewa mimi

Kama mnakwenda Kyoto, msilipie ziara ya kikundi ya Fushimi Inari, lile hekalu la mlimani. Mimi nililipa, na hadi leo nikikumbuka damu inachemka.

Mimi mtoto wa mkulima wa mpunga, Kyela. Niliposikia Japani kuna mlima mzima unaomwabudu mungu wa mpunga tangu mwaka 711, nikasema hapo lazima nifike.

Tukafika kwenye lango kubwa la mwaka 1589, lililojengwa na Toyotomi Hideyoshi, mtawala wa Japani wa zama hizo. Mbele yake kuna sanamu ya mbweha ameuma ufunguo. Mwongozaji akasonta kidole: "Huyu ndiye Inari, mungu wao." Nikamwambia kwa adabu, samahani kaka, mbweha ni mjumbe tu. Wanaoabudiwa hapa ni watano, mkuu wao Ukanomitama, mwenye nafaka, na ufunguo ule ni wa ghala la mpunga. Akanitazama juu hadi chini: "Umelipia ziara au shule? Piga picha twende." Watu wakacheka.

Hivi unaupita ufunguo ule kila siku, hujawahi kuuliza unafungua nini? Kwetu ufunguo wa ghala alikuwa nao bibi, kwa kamba shingoni, na hata baba alikuwa anaomba. Wala hakutusimulia habari za Hata no Irogu, tajiri aliyefanya andazi la mchele shabaha ya mishale. Andazi likageuka ndege mweupe, likaruka mpaka mlima huuhuu, na lilipotua ukaota mpunga. Wazao wake walijutia ile dharau. Mtu wa Kyela hiyo haelezwi mara mbili.

Aliposema dakika ishirini zimeisha, nikamwachia basi lake, nikapanda peke yangu. Malango mekundu ya njiani ni maelfu, yamebanana. Ukipanda, nguzo ni tupu. Ukigeuka, kila moja ina jina la aliyeitoa na tarehe. Huko juu, penye madhabahu madogo ya mawe, nilimkuta bikizee akimfunga mbweha kitambaa chekundu shingoni, taratibu, kama anayemvalisha mjukuu. Akamwagia punje za mchele kwenye kisahani, akainama. Nami nikainama.

Nakiri, asingenidharau yule mtu ningeshuka na wenzangu nisiyaone hayo. Pengine ziara haikuwa hasara. Lakini hapana, simshukuru! Wenzangu kumi na zaidi waliondoka wakiamini mbweha ni mungu. Kampuni nimeiandikia mara mbili, kimya. Pesa zangu bado nazidai.