Hita ya sola kwa nyumba za wastaafu: tangi zuri, valvu dhaifu

Kwa makazi ya wastaafu yanayojengwa kwa nia ya kupunguza umeme, hita ya sola ya mirija ya vioo yenye tangi la lita 200 inafaa. Siku ya jua kali maji hupita nyuzi 60 bila kuwasha umeme hata kidogo. Paa tu liwe imara, maana maji peke yake ni kilo 200. Tangi na mirija tunavisifu. Tatizo ni valvu ya kuchanganya maji ya moto na baridi kabla ya shawa, inayouzwa pamoja na hita nyingi za aina hii, na kwa mzee hicho ndicho kifaa muhimu kuliko vyote.

Bakteria wa Legionella, wanaoleta nimonia kali, huzaliana kwenye maji ya nyuzi 20 hadi 45, na mapafu ya wazee ndiyo huathirika zaidi. Kwa hiyo tangi lisikae chini ya nyuzi 60. Siku za mawingu umeme wa akiba uongezee. Lakini maji ya nyuzi 60 huunguza vibaya ngozi ya mtu mzima kwa sekunde kama 5. Ngozi ya mzee ni nyembamba zaidi, na mwenyewe hawezi kuruka pembeni haraka.

Valvu hizo za bei nafuu hupunguza joto vizuri maji yote mawili yakiwepo. Maji baridi yakikatika ghafla, nyingi huendelea kupitisha ya moto. Nunua ile inayojifunga yenyewe, uiweke nyuzi 41 kwa shawa ukitumia kipimajoto, kisha ijaribu: funga koki ya maji baridi wakati shawa inatoka. Ya moto ikatike ndani ya sekunde chache. Isipokatika, ing'olewe siku hiyohiyo.

Ifungwe karibu na shawa, bomba baada yake lisizidi mita 2, kwa sababu maji vuguvugu yanayolala kwenye bomba refu ndiyo yanayorudisha bakteria. Kila upande uwe na chujio na valvu ya kuzuia maji kurudi nyuma. Maji baridi yasitoke kwenye bomba kuu lenye presha kubwa huku ya moto yakishuka kwa uzito wake tu: baridi itaisukuma moto, shawa itoe maji ya baridi, na lawama ziende kwa sola bure. Hita na bomba la baridi vyote vilishwe na tangi moja la maji lililo juu.

Shawa za kubana maji nazo zina mpaka wake. Valvu nyingi zinahitaji lita 4 au 5 kwa dakika. Chini ya hapo joto hupanda na kushuka ovyo. Chukua shawa ya lita 6.

Chokaa ya maji magumu hugandisha valvu, hivyo jaribio lile lirudiwe angalau kila mwaka, na fimbo ya magnesiamu inayokinga tangi lisipate kutu ikaguliwe safari hiyohiyo. Valvu iwekwe kwenye kisanduku kinachofunguliwa kutoka korido, fundi afanye kazi yake bila kuingia bafuni kwa mzee.