Nyonyo ya mpira, na sista aliyeitupa kwenye ndoo ya taka

Nyonyo yenyewe, ile ya kumtuliza tu mtoto, isiyo na chupa, sikuwa na ugomvi nayo. Niliinunua duka la dawa hapa Arua, Uganda, wakati mtoto analia kila jioni mpaka majirani wanabisha hodi. Alipoiweka mdomoni, kimya. Ningeisifu kwa kila mtu.

Halafu tukaenda kliniki, chanjo ya wiki ya 6. Mabenchi yamejaa. Sista akamwona mtoto na nyonyo, akaichomoa bila hata salamu. Kamba yake ikanasa kwenye shali, akaivuta kwa nguvu, akaitupa kwenye ndoo ya taka. "Wewe mama mvivu! Unamdanganya mtoto na mpira na titi unalo!" Mbele ya watu wote. Mtoto analia, mimi nimeshika kadi tu. Mama mmoja mzee akaninong'oneza, "Mnyonyeshe, mwanangu, usimjibu." Sikumjibu, na mpaka leo moyo unaniwaka.

Uvivu gani? Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku na mchana! WHO na UNICEF walikataza nyonyo kwa mtoto anayenyonya tangu 1989, lakini mwaka 2018 walibadilisha: mama ashauriwe, aelezwe hatari zake. Aelezwe, si anyang'anywe.

Aliyenieleza ni sista kijana wa kwenye mizani. "Dada, akilamba mikono, akigeuza kichwa kutafuta, hiyo ni njaa. Ukimpa nyonyo atatulia, lakini titi halijanyonywa, na titi lisiponyonywa maziwa hupungua." Basi, maneno hayo tu. Akanionyesha kadi: uzito haujapanda inavyotakiwa.

Sasa nyonyo nayo inanikera, na muuza dawa zaidi, maana aliniuzia bila kuuliza mtoto ana umri gani. Mwezi wa kwanza, kabla maziwa hayajakaa sawa, msinunue kabisa. Baadaye sisemi ni sumu. Madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri apewe wakati wa kulala, kwa kuwa kwa watoto wanaotumia, vile vifo vya ghafla vya usingizini ni vichache zaidi. Ila ichemsheni, na akitafuta titi apewe titi.

Kliniki ile siwashauri. Ingawa yule wa mizani, jamani, ana roho nzuri, na chanjo wanachoma vizuri... haya, nendeni. Mimi mwenyewe wiki ya 10 nitakwenda. Lakini yule mwingine akigusa tena kitu cha mwanangu bila kunieleza, safari hii nitamjibu.