Miezi mitatu ya kununua Muscat: bakala la Ruwi na soko la Mutrah

Nilikwenda Oman kumuuguza mama mdogo aliyefanyiwa operesheni ya goti, nikakaa naye Ruwi, mtaa wa Muscat, miezi mitatu. Mahitaji yote ya nyumba niliyafuata mimi, kuanzia vitunguu hadi ubani wa kurudi nao Unguja. Kama unakwenda kukaa kule, si kupita tu, haya yatakufaa.

Anza na hesabu. Riyali moja ina baisa 1,000, kwa hiyo bei huandikwa na tarakimu tatu baada ya nukta. Siku ya pili nilikuta mafuta ya nywele yameandikwa 3.500. Macho yaliyozoea shilingi yakasoma elfu tatu na mia tano, nikachukua chupa mbili. Kumbe ni riyali tatu na nusu kila moja, na riyali moja ni karibu dola 2.60 za Marekani. Zaidi ya dola 18 zimekwenda kwa mafuta ya nywele! Iliniuma, maana zile zilikuwa pesa za wiki. Soma nukta kwanza, halafu ndiyo utie kitu kikapuni.

Nilichokipenda kuliko vyote ni bakala, yaani duka dogo la mtaani. La chini ya nyumba yetu liliendeshwa na ndugu wawili kutoka Kerala, India. Jioni gari husimama mlangoni, dereva hupiga honi, na kijana wa duka hutoka mbio kuuliza anataka nini: maji, mkate, Chips Oman za watoto. Mteja hateremki. Mama mdogo yeye alipiga simu tu, na katoni ya maji ikapandishwa hadi ghorofa ya tatu bila nyongeza. Deni liliandikwa kwenye daftari, tukalipa mwisho wa mwezi, na hesabu haikupishana hata mara moja. Kwa mtu anayeuguza, huduma hiyo haina bei.

Tena pale pale ndipo nilipopata muhogo. Watu wa Kerala nao wanakula sana muhogo, wao huuita kappa, kwa hiyo kila Alhamisi ulikuwepo. Nazi pia. Mama mdogo alipoona sahani ya muhogo wa nazi alikaa kitako kitandani mwenyewe, bila kushikwa.

Supamaketi kubwa zina mboga kwa bei nafuu zaidi, ila pima na ubandikiwe bei kule kule kwenye mboga kabla hujaenda kwa keshia, la sivyo utarudishwa na foleni yote inakutazama. Nenda na mfuko wako.

Sasa Mutrah. Kutoka Ruwi nilipanda basi la Mwasalat, si mbali. Soko liko mkabala na bahari, vichochoro vimeezekwa juu, na harufu ya ubani inakupokea kabla hujaingia. Usiende saa nane mchana, maduka mengi yamefungwa mpaka alasiri. Ijumaa asubuhi vivyo hivyo, mimi nilifika nikakuta milango mitupu. Jioni ndiyo wakati wake.

Ubani ulinifunza kwa gharama. Duka moja karibu na lango liliniuzia mfuko uliofungwa, umeandikwa hojari, ubani bora wa Dhofar, kusini mwa Oman. Nilipoufungua nyumbani nikakuta vipande vya kahawia, vidogo, vingine na magome ya mti. Nilipoutia kwenye chetezo ulitoa moshi mzito wenye uchungu. Niliona nimedhulumiwa, na bado naona hivyo. Hojari ya kweli ni mabonge yanayopenyeza mwanga, meupe yanayoelekea kijani, na ukilitafuna linalainika kama ubani maka wetu. Nunua wa kupimwa kwenye mizani mbele yako, na uombe kipande kimoja kichomwe hapo hapo. Muuzaji mwenye mali nzuri hatakataa.

Haluwa vivyo hivyo, onja kwanza, wenyewe watakupa kijiko na kikombe cha kahawa. Ina zafarani na hiliki nyingi kuliko yetu. Mimi bado naipa ya Wete, Pemba, nafasi ya kwanza kwa ule mvutano wake, lakini nilibeba kilo mbili.

Ndani zaidi ya soko, kwenye duka la kofia, nilikuwa nahangaika na Kiarabu changu cha kubabaisha. Mzee mwenye duka akanisikiliza, kisha akaniuliza kwa Kiswahili kilichonyooka, "Mwanangu, wewe wa Ng'ambo au wa Mji Mkongwe?" Nikamwamkia, "Shikamoo babu," akaitikia marahaba, na kiti kikaletwa. Alizaliwa Malindi ya Unguja. Alinitolea kofia mbili zinazofanana kabisa, akazigeuza ndani nje. Ya mashine ilikuwa na nyuzi zilizokatwa zikining'inia. Ya mkono, kila kitundu kimezungushiwa uzi wake, ndani safi kama nje, sawa na kofia za viua alizokuwa akishona bibi yangu barazani. Aliitaja kwa riyali 30, akanishushia hadi 25. Ni pesa nyingi, na sikujuta.

Baba huivaa kila Ijumaa. Kabla ya kuivaa huigeuza kwanza, akapitisha kidole kwenye vile vitundu.